Bunduki Iliponipiga Teke

Mimi ni mkulima. Shamba langu liko upande wa Mikumi, katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Nalima mahindi, ufuta na mpunga kidogo. Leo nataka kukueleza jambo lililonipata nilipokuwa kijana. Jambo hili linahusu bunduki, bega langu, na aibu yangu. Nililificha, na kulificha kwangu kulikaribia kumuua mdogo wangu.

Wengi wetu tunaishi karibu na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964. Eneo lake ni kilometa za mraba 3,230. Ni mali ya taifa, nasi tunaitunza. Lakini wanyama hawajui mpaka. Mahindi yakianza kukomaa, nguruwe pori huja usiku na alfajiri. Nyani huja mchana. Ngedere nao huja. Familia inaweza kulima miezi minne na kupoteza chakula chake kwa usiku mmoja. Kwa sababu hiyo tunajenga madungu shambani, tunalala humo, tunapiga madebe na kuwasha moto.

Kazi ya kulinda

Mwaka 1986 nilikuwa kijana wa mgambo. Kijiji chetu kilikuwa na bunduki moja ya marisau, ile ambayo watu wengi huiita shotigani. Ilikuwa na kibali, nayo ilikaa chini ya ulinzi wa serikali ya kijiji. Mwaka huo nguruwe walizidi. Kamati ikanichagua mimi kuwa mmoja wa vijana wawili wa kuitumia kulinda mashamba.

Nilifurahi sana. Nilitembea kijijini kifua mbele. Lakini sikuwahi kufundishwa kutumia bunduki ya marisau. Mgamboni nilifundishwa kwata na kubeba bunduki nyingine. Mtu aliponiuliza kama naiweza, nilijibu, "Naiweza." Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Siku ya kwanza nilisimama wima, miguu pamoja, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Nilikiweka kitako cha bunduki juu ya mkono, si begani. Tena nilikiweka mbali kidogo na mwili, kwa kuwa nilikiogopa. Nikalenga shina la mti mkavu. Nikafyatua.

Ndugu msomaji, sikuona kama nimeupata mti au nimeukosa. Nilijikuta nimekaa chini. Kidole gumba kilikuwa kimenipiga puani, na damu ilikuwa inatoka. Mkono wote ulikuwa umekufa ganzi. Masikio yalikuwa yanalia kama nyenje. Wenzangu walicheka mpaka wakashika matumbo.

Nami nilicheka pamoja nao. Nikasema, "Nimeteleza tu."

Usiku ule sikulala. Asubuhi bega lilikuwa limevimba na kuvilia damu. Rangi yake ilikuwa nyeusi kama biringanya. Ulikuwa wakati wa palizi. Nilijaribu kuinua jembe, nikashindwa. Nikamwambia mama kuwa nina homa. Nilivaa shati la mikono mirefu ili asione. Kwa siku sita mama na wadogo zangu walipalilia sehemu yao na sehemu yangu.

Kibuyu kilichotoboka

Maumivu ya bega yalipungua. Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikupungua. Kila nilipoishika ile bunduki, mwili ulikumbuka. Kabla sijafyatua, macho yalijifumba yenyewe. Bega lilijivuta nyuma lenyewe, kama mtoto anayekimbia sindano. Sikumwambia mtu yeyote.

Asubuhi moja, jua likiwa linachomoza, nguruwe watatu walitoka katika mahindi yetu. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa amelala juu ya dungu. Dungu lilikuwa upande wangu wa kushoto, mbele kidogo. Nguruwe walikuwa wanakimbia kuelekea kulia. Nikaona kuwa nafasi ni salama. Nikainua bunduki, nikalenga, nikafyatua.

Lakini macho yangu yalikuwa yamefumba. Bega langu lilikuwa limekwisha kujivuta nyuma. Mtutu ulipanda juu na kugeuka kushoto.

Nilipofumbua macho nilisikia mdogo wangu analia. Nilitupa bunduki chini nikakimbia. Nilimkuta amejikunja pembeni mwa dungu, mikono juu ya kichwa. Mwilini hakuwa na jeraha hata moja. Marisau yalikuwa yamepita juu yake, yakaingia katika nyasi za paa. Chembe moja ilikuwa imetoboa kibuyu cha maji kilichoning'inia karibu na kichwa chake. Maji yalikuwa yanamdondokea shingoni. Yeye alidhani ni damu.

Mama alikuja mbio. Alimpapasa mtoto mwili mzima. Alipoona ni mzima, alinitazama mimi. Hakunitukana. Alichukua kile kibuyu, akaenda nacho moja kwa moja kwa kaka yake, yaani mjomba wangu. Kwetu sisi, mambo mazito ya watoto huamuliwa na mjomba.

Somo la mjomba

Mjomba alikuwa mzee wakati ule. Katika ujana wake alifanya kazi na Bwana Nyama kwa miaka mingi, akifukuza tembo na nyati mashambani. Aliniita jioni. Kile kibuyu kilikuwa mbele yake.

"Mwanangu," alisema, "vua shati."

Nikavua. Akaitazama alama iliyobaki begani, ambayo sasa ilikuwa ya kijani na njano.

"Hii ni ya siku nyingi. Mbona hukusema?"

"Niliona aibu, mjomba."

"Basi aibu yako ilikuwa ndani ya mtutu leo asubuhi," alisema. Hakuongeza neno lingine siku ile.

Baada ya wiki mbili, bega lilipopona kabisa, mjomba aliomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji. Tulikwenda mahali penye ukingo mrefu wa udongo, mbali na njia za watu. Mjomba aliniambia nigeukie pembeni. Akaweka risasi katika bunduki bila mimi kuona. Akanipa, akasema, "Lenga ule udongo mwekundu. Fyatua."

Nililenga. Nikafyatua. Kikasikika kidude kidogo tu: ta! Bunduki haikulia. Mjomba alikuwa ameweka ganda tupu la risasi iliyokwisha kutumika. Lakini mtutu uliruka juu na kwenda kushoto, vilevile kama siku ile shambani.

Mjomba aliniuliza, "Nani ameusukuma mtutu? Bunduki haikulia."

Sikuwa na jibu. Niliiona hofu yangu kwa macho yangu mwenyewe. Nililia, ndugu msomaji, na sioni haya kusema.

"Sasa tunaweza kuanza," alisema mjomba.

Kwa nini bunduki hupiga teke

Mjomba alinieleza hivi. Ukisimama katika mtumbwi na kuruka kwenda ukingoni, wewe huenda mbele na mtumbwi hurudi nyuma. Bunduki ni vivyo hivyo. Baruti huyasukuma marisau mbele. Wakati huohuo bunduki husukumwa nyuma. Hakuna bunduki ya marisau isiyorudi nyuma.

Mjomba hakusoma jambo hili katika kitabu. Lakini limo vitabuni. Mwingereza mmoja, Isaac Newton, aliliandika mwaka 1687. Alisema kwamba kila kani ina kani nyingine inayolingana nayo, inayokwenda upande wa pili.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Chukua bunduki yenye uzito wa kilo 3 na gramu 200. Marisau yaliyomo katika risasi yawe na uzito wa gramu 32. Bunduki ni nzito mara 100 kuliko marisau. Marisau yakitoka kwa mwendo wa mita 400 kwa sekunde, bunduki hurudi kwa mwendo wa mita 4 kwa sekunde. Moshi na moto wa baruti huongeza kidogo. Mtu anayetembea haraka hafiki hata mita 2 kwa sekunde. Kwa hiyo bunduki hurudi kwa mwendo wa zaidi ya mara mbili ya mtu huyo, nayo ina uzito wa kilo tatu.

Katika hesabu hiyo tunapata mambo mawili. Kwanza, bunduki nyepesi hupiga teke zaidi kuliko bunduki nzito. Pili, risasi yenye marisau mengi hupiga teke zaidi kuliko risasi yenye marisau machache.

Lakini liko jambo la tatu, nalo ndilo kubwa. Mwenzako akikusukuma kwa gogo ambalo tayari limekugusa, utasukumwa tu. Akija na gogo hilohilo kutoka mbali, utapigwa. Kitako kilichokaa imara begani husukuma. Kitako kilichoachwa mbali na bega hupata nafasi ya kukimbia, kisha hupiga kama nyundo. Mimi nilikiogopa kitako, nikakiweka mbali. Kwa hiyo hofu yangu ndiyo iliyoniongezea maumivu.

Namna ya kusimama na kushika

Haya ndiyo mambo aliyonifundisha mjomba. Nayaandika kwa mtu anayetumia mkono wa kulia. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze.

1. Weka mguu wa kushoto mbele. Kunja goti lake kidogo. Elemea mbele, kama mtu anayesukuma mkokoteni uliokwama. Usiegemee nyuma.

2. Inua kiwiko cha kulia. Utaona shimo dogo kati ya mfupa wa mtulinga na kiungo cha bega. Hapo ndipo mahali pa kitako. Usikiweke juu ya mtulinga, maana mfupa huo huweza kuvunjika. Usikiweke juu ya mkono.

3. Vuta bunduki mpaka ikae imara begani. Pasiwe na nafasi hata ya kupitisha jani.

4. Laza shavu juu ya mti wa kitako. Shavu likiwa mbali, bunduki hulipiga. Funga meno. Usiweke ulimi kati ya meno.

5. Weka kidole gumba mbali na pua.

6. Bana kifyatulio polepole kwa kidole. Usikikwapue. Kama bunduki ina mitutu miwili, fyatua mmoja mmoja. Kufyatua yote miwili kwa pamoja ni kujiumiza bure.

7. Acha mwili uende na bunduki kidogo, kama mti mwembamba katika upepo. Usijikaze kama jiwe.

Urefu wa kitako nao una maana. Bunduki ikiwa tupu, weka kitako katika kunjo la kiwiko chako. Kidole chako kikifikia kifyatulio vizuri, kitako kinakufaa. Kikiwa kirefu mno hakitakaa begani. Kikiwa kifupi mno, kidole gumba kitakupiga puani. Bunduki nyingine zina mpira mwishoni mwa kitako. Mpira huo husaidia. Kama hakuna, vaa nguo nzito, au weka kitambaa kilichokunjwa ndani ya shati mahali pa kitako.

Tulifanya mazoezi kwa siku nyingi. Siku ya kwanza hatukupiga risasi nzima hata moja. Tulitumia ganda tupu peke yake, mpaka mtutu ukatulia. Baadaye mjomba alichanganya: ganda tupu, risasi nzima, ganda tupu tena. Sikujua ipi ni ipi. Hatukuzidisha risasi tatu kwa siku. Mjomba alisema kuwa bega lililochoka haliwezi kufundishwa. Mwisho wa mwezi ule nilifyatua nikiwa na macho wazi. Bega lilisukumwa, lakini halikuumia.

Soma kasha la risasi

Hapa kisomo kina faida kubwa. Kasha la risasi lina tarakimu. Wakati ule nilikuwa siwezi kuzielewa. Leo nawaeleza vijana wetu.

Tarakimu 12 ni ukubwa wa mtutu. Maana yake ni hii: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe vipande 12 vilivyo sawa, uvifanye gololi. Kila gololi itatosha kupita katika mtutu huo. Upana wake ni kama milimita 18 na nusu.

Tarakimu 28, 32 au 36 zenye neno gramu ni uzito wa marisau. Kama bega lako ni jepesi, ya gramu 28 itakusukuma kidogo kuliko ya gramu 36.

Tarakimu 65 au 70 zenye neno milimita ni urefu wa risasi. Tazama pia urefu ulioandikwa katika bunduki. Usitie risasi ya milimita 70 katika bunduki ya milimita 65, hata kama inaingia. Bunduki nyingi za zamani ni za milimita 65. Kufanya hivyo huongeza nguvu ndani ya mtutu, huongeza teke, na huweza kuipasua bunduki.

Kabla ya kutia risasi, hakikisha kuwa mtutu hauna udongo wala nyasi. Mtutu ulioziba hupasuka. Linda masikio yako pia. Bega huvimba na kupona, lakini sikio lililokufa halirudi. Mimi sikio langu la kulia halisikii vizuri hata leo.

Ukiumia, sema

Kama bega limeumia, acha kupiga. Siku ya kwanza weka kitambaa kilicholowa maji ya baridi. Usikande kwa maji ya moto siku hiyo, wala usilichue kwa nguvu. Kama huwezi kuinua mkono, kama mtulinga umevimba au umepinda, kama ganzi haiishi, nenda zahanati au kituo cha afya. Huenda mfupa umevunjika au bega limeteguka. Kuficha hakuponyi.

Na hili ni muhimu zaidi. Kama unafumba macho kabla ya kufyatua, usiende na bunduki shambani. Mwambie mwenzako. Anza upya na ganda tupu. Mtu anayefumba macho hajui marisau yanakwenda wapi.

Bunduki si dawa ya kila kitu

Nchini mwetu huwezi kushika bunduki bila ruhusa. Sheria ya kudhibiti silaha na risasi ni ya mwaka 2015. Leseni huombwa kupitia polisi. Magobore ya kienyeji yasiyo na leseni ni kosa, tena mitutu yake huweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Ndani ya hifadhi usiingie na silaha kabisa.

Usimpige tembo kwa marisau. Hutamuua. Utamjeruhi, na tembo aliyejeruhiwa ni hatari kwa kijiji kizima. Toa taarifa kwa serikali ya kijiji na kwa maofisa wanyamapori. Tembo akiharibu shamba, sheria ina utaratibu wa kifuta jasho. Akijeruhi au kuua mtu, kuna kifuta machozi. Toa taarifa mapema ili uharibifu ukaguliwe.

Ziko pia njia zisizo na bunduki. Katika vijiji kadhaa vya Tanzania wakulima huzungushia mashamba kamba na vitambaa vilivyopakwa pilipili iliyochanganywa na oili chafu. Wengine hutundika mizinga ya nyuki kuzunguka shamba. Tembo huogopa nyuki, na mkulima hupata asali. Madebe, moto, na kulinda kwa zamu bado vina kazi yake.

Mjomba alifariki zamani. Mdogo wangu yule ni mzee sasa, ana wajukuu. Kile kibuyu kimo nyumbani kwake. Hakifai kuchotea maji, lakini hajakitupa. Wajukuu wakimwuliza kwa nini kina tundu, hunionyesha mimi kwa kidole. Nami huwaeleza habari yote tangu mwanzo, bila kuficha.

Ndugu msomaji, kila mtu huogopa kitu kilichomwumiza. Hilo si kosa. Usiwe kama mimi wa mwaka 1986. Ukiumia, sema. Usipojua, uliza. Huenda kuna mjomba jirani yako anayejua.